Chunusi za ujanani: ipi ya kupaka, ipi ya kumeza, na lini umwone daktari

Kijana mwenye chunusi hakosi washauri. Huyu anamwambia anawe uso mara kwa mara, yule anampa tyubu aliyoibakiza mwenyewe, na mwingine anamwambia avumilie tu, zitaisha akishakua. Wote wanamtakia mema. Ila dawa za chunusi hazifanyi kazi moja: ipo inayoua bakteria, ipo inayozibua vitundu vya ngozi, ipo inayopunguza mafuta kutokea ndani ya mwili, na vipo vitu vinavyouzwa kama dawa ilhali ndivyo vinavyoleta chunusi. Ukichagua kwa sababu umesikia "hiyo ndiyo kali", unaweza kuunguza uso miezi mitatu na chunusi zikabaki palepale.

Ndiyo maana ulinganisho huu nauanzia kwenye kioo. Kabla ya kuuliza dawa ipi, jiulize chunusi zako ni za aina gani, na zikipona zinaacha nini.

Zitazame kwanza

Wakati wa balehe homoni za androjeni hupanda, kwa wavulana na wasichana pia, na tezi za mafuta kwenye ngozi hukua na kutoa mafuta mengi. Mafuta hayo yakichanganyika na seli zilizokufa, kitundu kinaziba. Kizibo kikiwa wazi kwa juu hugeuka cheusi kwa sababu ya melanini, rangi ya ngozi yenyewe, na hewa inayokigusa. Si uchafu, na kukisugua kwa dodoki ni kutwanga maji kwenye kinu. Kizibo kikiwa kimefunikwa, unaona kipele kidogo kigumu chenye rangi ya ngozi yako. Simama ubavu kwa dirisha, mwanga ukupige kutoka pembeni, utaviona vimejipanga kwenye paji la uso na kidevuni.

Hapo bado hakuna uvimbe. Uvimbe huanza pale mwili unapopambana na bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye anaishi kwenye ngozi ya kila mtu lakini hustawi ndani ya kitundu kilichoziba. Ndipo panapokuja vipele vinavyouma na vyenye usaha. Kwenye ngozi nyeusi vipele hivi mara nyingi havionekani vyekundu kama picha za vitabuni. Vinaonekana vya kahawia iliyokolea au zambarau, na kwa sababu hiyo watu huvidharau. Uvimbe ukizama chini zaidi unapata vinundu: vigumu, vina maumivu hata ukilalia mto, na vinakaa kwa wiki.

Sasa angalia zilizopona. Madoa meusi yaliyo bapa ni mabaka, nayo hufifia yenyewe, ingawa huchukua miezi. Vishimo, au nyama iliyotuna, ni makovu, na makovu hayafifii hivyo. Pitisha kidole: baka hutalihisi, kovu utalihisi. Tofauti hii ndiyo inayoamua mengi huko mbele, kuliko idadi ya chunusi zenyewe.

Angalizo moja dogo. Vipele vidogo vinavyofanana vyote, vinavyowasha badala ya kuuma, vilivyojaa kwenye paji, kifua au mgongo bila kizibo hata kimoja, huenda si chunusi kabisa. Kuna fangasi wa ngozi anayefanya hivyo, na antibiotiki humwongezea nguvu.

Kusubiri au kutibu

Anayesema zitaisha zenyewe hadanganyi. Kwa vijana wengi hupungua miaka ya balehe ikipita. Asichokisema ni kwamba kovu lililopatikana ukiwa na miaka 15 halijui kwamba umefika 25.

Pia kuna upande ambao haupimwi kwa kioo. Kijana anayekaa kiti cha nyuma kabisa, anayekwepa picha, anayejibu akiwa ameziba shavu kwa kiganja, ana ugonjwa unaomla hata kama daktari akizihesabu chunusi atasema ni chache. Kumwambia "hayo ni mambo ya urembo tu" ni kumnyima ruhusa ya kuomba msaada. Kwa maoni yangu, kusubiri kunafaa kwa mtu mmoja tu: mwenye vichwa vyeusi vichache, asiye na uvimbe, na ambaye hazimkoseshi raha. Waliobaki wana sababu ya kuanza.

Vitu vya nyumbani, krimu za kung'arisha, au dawa yenyewe

Kunawa kuna nafasi yake: mara mbili kwa siku, kwa sabuni laini isiyo na manukato makali, kwa vidole, na baada ya kutoka jasho. Zaidi ya hapo unakausha ngozi na kuitia mikwaruzo. Ndimu ni asidi isiyopimwa. Huchonyota, na ukitoka juani ikiwa usoni inaweza kukuunguza na kukuachia doa baya kuliko chunusi. Dawa ya meno hukausha kipele na kuunguza ngozi iliyokizunguka. Magadi vivyo hivyo. Mafuta mazito ya nywele yanayoteremka kwenye paji huziba vitundu, kwa hiyo mwenye chunusi mpakani mwa nywele aanze kwa kuyatazama hayo kabla hajanunua kitu.

Krimu za kujichubua na michanganyiko isiyo na maandishi ni hadithi nyingine, na inafaa kuelezwa vizuri kwa sababu huwa zinaanza kwa kufanya kazi. Nyingi zina steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni. Steroidi hushusha uvimbe, basi katika siku chache za kwanza uso unatulia, unang'aa, na kijana anaapa amepata dawa. Wiki zinapita, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa midogo inaanza kuonekana, vipele vipya vinatoka kwa wingi vikiwa vya umbo moja. Akiacha, uso unalipuka. Akirudia, unatulia. Anakuwa mfungwa wa tyubu. Nyingine zina zebaki, sumu inayodhuru figo na mishipa ya fahamu, na ndiyo maana Mkataba wa Minamata wa 2013 uliiweka zebaki ya vipodozi kwenye orodha ya vitu vya kuondolewa sokoni. Tyubu isiyotaja kilichomo ndani, usiipake usoni, hata kama aliyekupa ni mtu unayempenda. Na kama umeshaitumia kwa muda mrefu, mwambie daktari kabla hujaiacha, kwa sababu namna ya kuiacha nayo inahitaji mpango.

Benzoili peroksaidi au adapalini

Kwa kijana anayeanza, uchaguzi wa kweli mara nyingi ni kati ya hizi mbili.

Benzoili peroksaidi huua bakteria. Faida yake kubwa ni kwamba bakteria hawaizoei, tofauti na antibiotiki, kwa hiyo unaweza kuitumia muda mrefu. Ina nguvu za 2.5%, 5% na 10%, na hapa ndipo pesa na ngozi hupotea bure: watu hukimbilia 10%, wakati 2.5% hufanya kazi karibu sawa na haichomi sana. Inafaa zaidi kwa vipele vyenye uvimbe na usaha. Kero yake ni kukausha, kuchubua, na kupausha vitambaa. Foronya ya rangi itatoka na madoa ya chungwa, taulo vilevile, na kola ya shati haisalimiki. Tumia foronya nyeupe na unawe mikono baada ya kupaka.

Adapalini haiui bakteria. Ni retinoidi, jamii ya vitamini A, na kazi yake ni kuzifanya seli zilizokufa zitoke vizuri ili vizibo visijengeke. Kwa hiyo ndiyo bora kwa vichwa vyeusi na vipele vilivyofungika, na kwa kuwa kila chunusi huanza na kizibo, ndiyo pia inayozuia zinazokuja. Nchini Marekani, adapalini ya 0.1% inauzwa bila cheti cha daktari tangu 2016, kwa wenye miaka 12 na zaidi. Sehemu nyingine ni mpaka uandikiwe. Kasoro yake ni uvivu wa mwanzo. Wiki za kwanza ngozi inakauka, inachubuka pembeni mwa pua na mdomo, na wengine huona chunusi zimeongezeka. Wengi huiacha hapo hapo, wiki chache kabla haijaanza kuzaa matunda. Na haitumiki wakati wa ujauzito.

Namna ya kuipaka ina uzito kuliko aina ya tyubu. Usiku, nawa uso, ukaushe kwa kugusagusa taulo, ngoja kama dakika 20 ngozi ikauke kabisa, kwa sababu kwenye ngozi yenye unyevu dawa huchonyota zaidi. Kamua kiasi cha punje moja ya njegere. Weka nukta tano: paji, mashavu mawili, pua, kidevu. Kisha sambaza, ukikwepa macho, kona za mdomo na matundu ya pua. Punje moja ni ya uso mzima, wala si ya kila chunusi. Kupaka juu ya chunusi iliyokwisha kutoka ni kuikimbiza iliyokwisha kukupita. Juu yake paka losheni nyepesi isiyoziba vitundu. Anza kila baada ya usiku mmoja au miwili, ongeza ngozi inapozoea. Asubuhi paka kinga ya jua, SPF 30 au zaidi.

Kwa wenye ngozi nyeusi kuanza polepole si woga. Ngozi iliyowashwa na dawa huacha mabaka kama iliyowashwa na chunusi, kwa hiyo haraka inaweza kukupa madoa uliyokuwa unayakimbia.

Basi ipi? Ukiwa na vizibo tu, adapalini. Ukiwa na vipele vichache vya usaha na vizibo vichache, benzoili peroksaidi. Ukiwa na mchanganyiko, kama walivyo vijana wengi, zote mbili, moja asubuhi na nyingine usiku, au jeli iliyozichanganya tayari. Adapalini huvumilia kukaa pamoja na benzoili peroksaidi. Tretinoini, ndugu yake wa zamani, nyingi haivumilii. Huharibiwa nayo na pia na mwanga, kwa hiyo zitenganishe.

Asidi salisiliki ya 0.5% hadi 2%, ile iliyomo kwenye sabuni nyingi za "uso wenye mafuta", huzibua kidogo na ni pole. Naiona kama msaidizi, si dawa ya kuitegemea. Asidi azelaiki ya 15% au 20% inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa: inapunguza chunusi, inafifisha mabaka, na madaktari huitumia hata kwa wajawazito. Mwenye chunusi za wastani ambaye kinachomuumiza zaidi ni mabaka, au ambaye ngozi yake imezikataa zile mbili, aiulizie.

Yoyote utakayoichukua, ipe wiki 12 za kupaka bila kuruka kabla hujasema imeshindwa. Kubadilisha kila baada ya wiki mbili ndiko kunakowafanya watu wasadiki kwamba wamejaribu kila kitu.

Antibiotiki: ya kupaka au ya kumeza

Ya kupaka, kwa kawaida klindamaisini, isitumiwe peke yake. Bakteria huizoea. Ikiambatana na benzoili peroksaidi ni nzuri.

Ya kumeza, kama doksisaiklini, ni ya chunusi zenye uvimbe zilizosambaa: uso, mgongo, kifua, mahali ambapo mkono haufiki kupaka. Inatuliza upesi kuliko krimu, na hapo ndipo mtego ulipo, maana kijana huacha krimu na kubaki na kidonge. Kidonge ni cha miezi mitatu hivi, kisha kinasimamishwa. Krimu ndiyo inayobaki kulinda kilichopatikana. Kimeze kwa glasi nzima ya maji ukiwa umekaa au umesimama, usilale mara moja, kwa sababu kikikwama kooni kinaunguza. Kinafanya ngozi iungue kirahisi juani. Hakifai kwa mjamzito, na watoto wa chini ya miaka 8 hawapewi kwa ajili ya chunusi. Vidonge alivyobakiza dada au kaka si vyako, hata mkiwa na chunusi za kufanana.

Kwa wasichana ipo njia ya tatu. Chunusi zinazojaa kwenye taya na kidevu, hedhi isiyo na mpangilio, nywele zinazoota kidevuni: vikija pamoja, daktari atataka kuangalia homoni, na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini, vinaweza kusaidia kuliko antibiotiki. Kinyume chake, njia za uzazi wa mpango zenye projestini peke yake huwazidishia baadhi ya wasichana chunusi. Kama zako zilianza baada ya sindano au kijiti, sema.

Isotretinoini, au kuendelea na krimu

Hii ndiyo inayoogopwa na kutamaniwa kwa wakati mmoja. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1982, na mpaka leo hakuna nyingine inayogusa kila chanzo cha chunusi kwa pamoja: mafuta, vizibo, bakteria, uvimbe. Ni kidonge cha kumeza kwa miezi minne hadi sita au zaidi kidogo, kwa kipimo kinachofuata uzito wa mwili. Krimu na antibiotiki hudhibiti; hii huwaacha wengi bila chunusi muda mrefu baada ya kumaliza, ingawa baadhi huhitaji kurudia.

Malipo yake yapo. Midomo hukauka na kupasuka karibu kwa kila mtu, macho hukauka, pua inaweza kutoka damu, viungo na mgongo vinaweza kuuma. Damu hupimwa kuangalia ini na mafuta. Haichanganywi na doksisaiklini, kwa sababu zikiwa pamoja zinaweza kupandisha shinikizo ndani ya fuvu la kichwa, wala na vidonge vya ziada vya vitamini A. Na kubwa kuliko yote: humharibu vibaya mtoto aliye tumboni. Kwa sababu hiyo Marekani iliweka mwaka 2006 mpango maalumu wa usajili kwa kila anayeitumia, wenye vipimo vya mimba. Uingereza nayo, Oktoba 2023, iliweka sharti kwamba aliye chini ya miaka 18 asianzishiwe mpaka wataalamu wawili wakubaliane, na sababu moja ilikuwa hofu kuhusu hali ya akili. Uhusiano wake na sonona umebishaniwa kwa miaka mingi. La kufanya liko wazi: mzazi na kijana wazungumze na daktari kuhusu huzuni iliyokuwapo kabla, na kijana akibadilika akiwa kwenye dawa, daktari aambiwe siku hiyohiyo.

Nikiweka yote kwenye mizani, mwenye vizibo na vipele vya kawaida hana haja nayo. Lakini kijana mwenye vinundu, au ambaye vishimo vimeanza kujichimba mashavuni, asizungushwe mwaka mzima kwenye krimu kwa sababu watu wazima wameogopa jina la dawa. Kila mwezi wa kuzungushwa unaongeza makovu ambayo kuyatibu baadaye ni kazi kubwa na matokeo ni nusu nusu.

Mfamasia, daktari wa kawaida, au bingwa wa ngozi

Mfamasia anatosha kwa vizibo na vipele vichache. Mwonyeshe kila unachopaka sasa, ukijumuisha vipodozi. Daktari wa kawaida ndiye wa kumwona wiki 12 zikipita bila nafuu, au chunusi zikiwa zimeenea mgongoni. Kwa bingwa wa ngozi nenda moja kwa moja, au omba rufaa, ukiwa na vinundu, ukiwa na makovu hata machache, ukiwa na mabaka yasiyokoma, au ukiwa umemaliza duru mbili za matibabu bila kitu. Chunusi zikilipuka ghafla na kuwa vidonda huku una homa na viungo vinauma, hiyo ni dharura. Mawazo ya kutotaka kuishi pia ni dharura, na usione haya kusema kwamba yalianzia usoni.

Mazungumzo ya mwanzo huwa mafupi kuliko unavyodhani:

"Zilianza lini?"

"Mwaka juzi."

"Zinauma au zinawasha?"

"Zinauma. Hizi za huku chini."

"Unapaka nini sasa, mwanangu?"

Hapo ndipo vijana wengi hujibu "sipaki kitu", kwa aibu au kwa sababu mzazi amekaa pembeni, na daktari anaanza upya na dawa ambayo tayari imeshindwa. Beba tyubu zote kwenye mfuko, hata ile unayoificha. Unaweza kuomba dakika chache za kuzungumza na daktari peke yako. Ni ombi la kawaida, hasa kwa msichana anayetakiwa kuulizwa kuhusu mimba. Nenda bila vipodozi usoni. Na kwa kuwa chunusi zina tabia ya kutulia siku ya miadi, piga picha siku zilizochachamaa, dirishani, mwanga ukitoka ubavuni, shavu la kulia na la kushoto, umwonyeshe hizo.